Kiti cha Dada Yangu katika Kamati ya Koloni

Watu wakisema ile kamati huru ya Koloni ilianzishwa na dada yangu, mimi huendelea na kazi yangu. Dada yangu alikuja Jumamosi sita tu. Mimi nilifika Koloni na sufuria moja na mtoto mgongoni, nikakaa miaka. Lile neno lililoizaa kamati lilikuwa langu. Yeye alilivalisha tai tu.

Koloni ni shamba la mzungu wa zamani, nje ya mji wa Kitale ukielekea upande wa Ndalu. Mzungu aliondoka kabla sijazaliwa, lakini nyumba za wafanyakazi wake, zile zimepangwa mstari kama meno, zilibaki, na jina likabaki nazo. Wazee walipaita Koloni kwa uchungu, sisi tunapaita kwa mazoea. Baadaye serikali ilisema maskwota wa pale wagawiwe ploti, ikaundwa kamati ya shamba. Basi tuliondokewa na mkoloni mmoja tukapata watatu.

Hao watatu nitawataja. Nimekubali kuandika bila majina, lakini mtu anaweza kutajwa bila jina na akajijua mwenyewe. Wa kwanza ni mwenyekiti wa kamati ya shamba, mwenye koti la ngozi hata jua likiwaka, anayependa kuongea na simu akiwa amesimama katikati ya shamba la mtu. Wa pili ni mzee wa kijiji, ambaye barua yake ya kukutambulisha ilikuwa inatembea kwa miguu ya kuku: ukileta jogoo inatoka leo, ukija mikono mitupu anasema muhuri umeenda Kitale. Wa tatu ni karani, mwenye kushika rejista na ramani. Huyo karani ndiye alikula ploti yangu, na aliila kwa mwandiko mzuri kabisa.

Mambo ya vita vya mlimani, kule nilikoolewa, sitayaeleza hapa. Nyumba ilichomwa, mume wangu hakurudi kutoka alikokwenda kutafuta ng'ombe, basi. Nilishuka na wengine walioshuka. Koloni walinipa nusu eka karibu na kijito, wakapiga vigingi vinne mbele ya watu, karani akaandika. Nililima misimu mitatu. Msimu wa nne nilitoka sokoni nikakuta trekta ndani ya mahindi yangu na mtu nisiyemjua ameketi juu ya jiwe langu la kusugulia miguu, anakula mkate. Alikuwa na karatasi. Namba ni yangu, jina ni lake.

Nilikwenda kwa karani. Alifungua rejista polepole kama mtu anayesoma Biblia.

"Hapa inasema wewe ulihama."

"Nilihama nikaenda wapi?"

"Hapo sasa. Hiyo si ni wewe unajua?"

Halafu alinisindikiza mpaka nje na akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mambo ya rejista hurekebishwa, mwenyekiti anapenda kondoo dume, si lazima awe mkubwa. Sikuwa na kondoo. Hata ningekuwa naye nafikiri nisingempeleka, lakini hilo ni rahisi kulisema kwa sababu sikuwa naye. Nilikwenda kwa chifu, nikaenda kwa afisi ya ardhi mjini, nikapanga foleni mpaka askari wa mlango akanijua na kuniuliza habari za mtoto. Kila mahali walinisikiliza vizuri, kisha wakaniambia nirudi nikamalize na kamati yetu. Ni ile kesi ya nyani kupelekewa ngedere.

Basi nikahamia Tuwan, mtaa wa pembeni mwa mji, chumba kimoja, nikaanza kuuza nafaka kwenye soko la Kitale. Na pale sokoni ndipo nililipata lile neno.

Mahindi tunapima kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili. Ukijaza, unapitisha kijiti juu ili kuwe sawa. Sasa fitina yote iko kwa hicho kijiti. Mwenye mahindi akisawazisha, anabonyeza, anakata mpaka chini ya mdomo wa kopo. Mnunuzi akisawazisha, anaacha mlima. Kwa hivyo siku ya mzigo mkubwa, sisi wa soko tunaita mtu wa tatu, mtu asiye na mahindi na asiyenunua, huyo ndiye anashika kijiti. Hatumwiti jina lolote. Ni mtu wa kijiti tu. Na mimi nilikuwa naitwa sana, kwa sababu mkono wangu haukuwa na rafiki.

Siku waliodhulumiwa wa Koloni walipokutana katika kanisa la mabati, tulikuwa watu wengi kuliko viti. Kila mtu alieleza hasara yake na wengine wakasema pole. Mimi nilisimama nikasema habari ya kijiti. Nilisema kamati ya shamba ndiyo yenye mahindi na ndiyo yenye kijiti, sasa tunashangaa nini gorogoro haijai? Tutafute watu wa tatu wasiokula na kamati na wasiongoja ploti, waje wasawazishe.

Kwanza watu walicheka. Halafu mzee mmoja mwenye duka, ambaye watu wake walikuja Trans-Nzoia kutoka Mlima Kenya wakati baba yangu bado kijana, alipiga goti lake akasema, "Huyu mama amesema neno." Nikaketi. Nakumbuka nilivuta leso yangu nikaitengeneza vizuri mapajani, kwa sababu nilijua sasa watanichagua.

Walianza kuandika masharti. Mwanakamati asiwe na ploti Koloni. Sawa, yangu si ilikuwa imeliwa. Asiwe na ukoo kwenye kamati. Sawa. Asiwe amewahi kula kwao. Sawa kabisa, hata maji sijanywa. Awe anaweza kusoma rejista na sheria na kuandika ripoti. Hapo mtu mmoja akanitazama, kisha akatazama chini. Mimi kusoma najua, niliishia darasa la tano, lakini walisema rejista ya wezi inataka msomaji mwingine. Halafu wakaongeza kwamba mlalamishi hawezi kushika kijiti kwenye kesi yake. Hilo lilikuwa kweli, na lilitoka kwenye neno langu mwenyewe, kwa hivyo sikuweza hata kulikataa.

Mzee wa duka akachaguliwa mmoja, maana yeye shamba lake ni la kununua, liko mbali. Mwalimu mstaafu wa kule barabarani akawa wa pili. Wa tatu, wa kuongoza, pasta akasema anamfahamu mama mmoja wa Bungoma, anakaa Kabuchai, alikuwa karani wa mahakama mpaka juzi alipostaafu, mama asiyepokea hata soda. Kabla hajamaliza nilikuwa nimejua. Alikuwa anamsema mdogo wangu.

Sisi tulizaliwa wawili tu wasichana, ndani ya miwa ya Kabuchai. Mwaka mmoja baba alisema yunifomu ni moja. Mimi nilikuwa darasa la tano, yeye la pili. Mimi nilikuwa na nguvu za kubeba miwa, yeye alikuwa na kifua kibaya, basi kifua chake kibaya kikampeleka shule na nguvu zangu zikanibakisha nyumbani. Kila Ijumaa nilifua ile yunifomu na kuipiga pasi ya makaa. Nilijua kola yake kuliko uso wake. Alifika kidato cha nne, akapata kazi Bungoma, akawa anaandika kesi za watu. Hakunikosea. Hilo ndilo baya lake, hakuwahi kunikosea vya kutosha.

Kanisani mtu aliuliza kama ni haki dada wa mlalamishi aongoze. Mzee wa duka akauliza, "Kwani hawa wanaongea?"

Mama mmoja nyuma akajibu, "Wanasalimiana kama watu wanatupiana mfupa."

Kanisa zima likacheka, pasta pia.

"Basi," mzee akasema, "huo ndio uhuru wenyewe. Andika."

Wakaandika. Nami nilicheka pamoja nao, ungefanya nini?

Lakini kuna kitu nilikijua ambacho kanisa hilo halikukijua, na nilikaa nacho kimya. Karani wa kamati ya shamba ana mke na watoto Koloni. Ana pia nyumba ya pili Tuwan, na ndani ya nyumba hiyo anakaa binti wa dada yangu. Si mambo ya uchumba wa barabarani. Alipeleka ng'ombe Kabuchai, wakapokelewa, watu wakala. Mimi niliitwa sikwenda. Nilisema siwezi kula nyama ya mtu aliyekula shamba langu. Hiyo ndiyo sababu niliyosema. Ile nyingine ni kwamba binti yangu mimi alikwenda kwa mtu bila hata kuku, na sikutaka kuona zizi la dada yangu likijaa.

Na kwetu Bungoma kila mtu anajua: mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawaketi nyumba moja, hawatazamani usoni. Akimwona njiani anaingia kichakani. Sasa dada yangu angeongozaje kikao cha kumhoji mtu ambaye hawezi kuingia chumba alicho? Walimuuliza ploti, walimuuliza ukoo, walimuuliza soda. Hakuna aliyemuuliza binti zake wameolewa wapi. Na mimi ningesema siku ile ile, ingeisha vizuri. Sikusema. Nilifikiri, wacha apande juu kwanza.

Alianza kuja Jumamosi. Alikuwa na miwani yenye kamba, na daftari gumu. Alisema "chombo huru," akasema "uwazi," akasema "mgongano wa maslahi," na watu ambao nawajua hawajui maana wakatikisa vichwa kama mahindi kwa upepo. Jumamosi ya pili alieleza habari ya mtu wa kijiti. Alieleza vizuri kuliko mimi. Aliinua mkono akapitisha juu ya kopo lisilokuwepo, na mama mmoja karibu nami akaninong'oneza, "Huyu mama ana akili, bana." Nilimwambia ndiyo.

Watu walimletea kuku, akawakataa mbele ya wote, na jina lake likapanda zaidi. Hilo lilinikera kuliko yote. Mimi hakuna mtu aliyewahi kunipa kuku ili nimkatae.

Na alifanya kazi, sitadanganya. Aliandika barua mpaka chifu akaamuru rejista iletwe kanisani, iwekwe mezani, ifunguliwe mbele ya watu. Hicho kitu hakijawahi kutokea Koloni. Mwenyekiti wa koti la ngozi alianza kunisalimia. Orodha ya faili ikabandikwa mlangoni. Ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja mjane, ya pili yangu. Karani ataitwa kujibu.

Alhamisi kabla ya kikao, mchana, dada yangu alikuja Tuwan. Nilikuwa nachagua maharagwe mlangoni. Aliketi kwenye debe, akaanza kuchagua upande wake bila kuombwa. Tulichagua kwa muda. Ndipo akaniambia kwamba ameona rejista, kwamba kwenye namba yangu kuna mistari miwili, wa kwanza umefutwa kwa wembe lakini ukiinua kwa mwanga jina langu linasomeka. Alisema hapo karani hana la kujibu, ni kusomewa tu.

"Na mkweo ataingia namna gani?" nikamuuliza.

Hakushtuka. Alisema ikifika zamu yake, atatoka kwa mlango mdogo wa nyuma, mzee wa duka atauliza maswali, mwalimu ataandika. Alisema anajua ilimpasa kusema tangu mwanzo. Aliogopa wakijua wataweka mtu wao na rejista irudi sandukuni.

"Dada, nyamaza mpaka Jumamosi ipite. Baada ya hapo nitasema mwenyewe, nijiuzulu. Faili yako ni ya pili."

"Kwa hivyo wewe ndiye utanipa shamba."

"Kamati ndiyo itakupa."

"Na kamati ni nani?"

Alitupa haragwe bovu akanitazama. "Hiyo si ya leo," alisema.

Alipoondoka niliona ameacha maharagwe yake yamechaguliwa vizuri kuliko yangu.

Jumamosi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Faili ya yule mzee mjane ilisomwa, rejista ikainuliwa kwenye mwanga, ikaonekana wazi, na wale watatu wa kamati huru wakatamka mbele ya watu kwamba ploti ni yake, vigingi virudishwe. Mzee alilia. Alikwenda kumshika dada yangu mkono kwa mikono yake miwili. Mimi nilikuwa wa pili, nilikuwa tayari nimesimama nusu, na nikaona nami itabidi niende pale mbele nimshike mkono mdogo wangu kwa mikono miwili na kulia.

Wakati huo karani akafika. Hakungoja kuitwa. Sijui kama alikuwa amekosea saa au alipangiwa na mwenyekiti, mimi nafikiri alipangiwa. Alifika mlango mkubwa, akaona nani yuko mezani, akasimama. Akavua kofia, akaishika mbele ya uso wake. Dada yangu naye akageuza kiti, akatazama ukuta.

Watu wa kwetu waliokuwa karibu walianza kutazamana. Mzee wa duka, ambaye mila hiyo si yake, alisubiri, kisha akasema, "Ingia bwana. Kwani tunauma?"

Watu wakacheka kidogo. Karani hakusogea.

"Ama umefungwa miguu?"

Dada yangu aligeuza kichwa, si kwa karani, kwangu. Alinitazama mimi tu. Nilijua anachoomba. Nilihitaji kufanya kitu kimoja, kunyamaza, na yeye angeinuka, angepita mlango wa nyuma kama mtu anayekwenda chooni, na kikao kingeendelea.

Nikasema, "Hawezi kuingia. Huyo mliyemweka mezani ni mama mkwe wake."

Nilisema kwa sauti ya sokoni. Ilifika mpaka nje.

Mke wa karani, yule wa Koloni, alikuwa benchi ya tatu. Aliinuka polepole. "Mkwe wa nani?" aliuliza. "Mama yangu mimi nilimzika."

Hapo kanisa likavurugika. Wengine walimgeukia karani, wengine dada yangu, wengine walitaka tu kujua huyo mke wa pili ana watoto wangapi. Karani alijibu kutoka nje, kofia bado usoni, kwamba yeye anamheshimu mama, hawezi kujibu mbele yake, mila ni mila. Mwanamume mmoja dirishani akamwambia, "Ploti za wajane umemeza, heshima ndiyo imekukwama kooni?" Watu wakacheka, lakini kicheko hakikusaidia.

Mwenyekiti wa koti la ngozi alikuwa ameshasimama. Hakupiga kelele. Alisema kwa upole kwamba yeye ni mtu wa sheria, kwamba tulitaka kamati huru na yeye hakukataa, sasa tumeona wenyewe uhuru wa kuongozwa na mkwe wa mshtakiwa na dada wa mlalamishi. Alisema chifu atasikia. Alichukua rejista kutoka mezani, akaitia ndani ya koti, akatoka. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Mimi ndiye nilikuwa nimempa.

Dada yangu alivua miwani, akafunga daftari, akatoka kwa mlango wa nyuma alioupanga. Mzee wa duka alibaki ameketi, mikono juu ya meza tupu, akiniangalia kama mtu anayetafuta neno kwa lugha yake.

Kuna bibi mmoja mzee wa kwetu, mjane kama mimi, ambaye hukaa mwisho kabisa karibu na ngoma. Alinivuta leso.

"Na wewe je?" akaniuliza. "Si wewe ni mama mukubwa wa huyo binti?"

"Mimi sikula ng'ombe zake."

"Mukwe hahesabu nani alikula nyama. Huyo kijana alifunika uso kwa ajili yenu wawili. Hicho kiti ulikuwa unakililia, ungekikalia namna gani?"

Nilikumbuka mara ngapi nilikutana na karani kule Tuwan, tangu ng'ombe waende Kabuchai, na kila mara akageuza uso akaingia uchochoro mwingine. Nilikuwa nafikiri ni dharau. Nilikuwa namfuata nikimtukania mgongo, ati jeuri. Ilikuwa mila, na mimi sikuiona kwa sababu nilikuwa nimejitoa kwenye karamu ya dada yangu nikadhani nimejitoa kwenye ukoo. Kile kiti kilikuwa kimefungwa kwangu kama kilivyofungwa kwake. Nilikuwa nimemwonea wivu wa mahali ambapo hata ningepewa nisingeweza kukaa.

Kamati huru haikuketi tena. Chifu alisema "imesimamishwa," na Koloni kitu kikisimamishwa huota nyasi. Aliyefaidika ni yule mzee mjane peke yake, vigingi vyake vilikuwa vimesharudishwa mchana ule ule kabla ya watu kutulia. Ananisalimia sana. Naye pia namwonea wivu, na yeye hajanifanyia lolote. Kwenye ploti yangu sasa kuna nyumba ya mabati ya rangi ya bluu.

Nilikaa miezi kabla ya kwenda Kabuchai. Nilimkuta dada yangu anapalilia maharagwe kando ya miwa, gumboti miguuni, bila miwani. Alinipa jembe. Hakusema karibu wala toka. Tulipalilia mistari miwili, ndipo nikamwambia kwamba nilikuwa na haki ya kusema, maana mama mkwe hawezi kuamua kesi ya mkwewe. Alisema ndiyo, nilikuwa na haki.

"Lakini hukusema kwa ajili ya haki," akaongeza.

"Hapana."

"Ungeipata ile ploti, ungeilima?"

Nilimwambia ukweli. "Ningeilima kila siku nikijua ni wewe umenipa."

"Si ungezoea?"

"Nisingezoea."

Alicheka, kicheko kifupi cha pua, akaendelea kupalilia. Baadaye tukiwa tunakunywa chai alinieleza kwamba ile ripoti aliiandika yote kabla ya Jumamosi ile, na ile mistari miwili aliipiga picha kwa simu. Akiileta kama mwenyekiti wa kamati huru, haina maana tena. Akiileta kama shahidi, bado ina maana, shahidi haulizwi mkwe wake ni nani, anaulizwa aliona nini. Lakini shahidi hawezi kwenda peke yake. Anatakiwa mlalamishi.

Kwa hivyo tulikwenda Bungoma pamoja, kwa afisa mmoja wa malalamiko ya ardhi ambaye dada yangu aliwahi kufanya kazi naye jengo moja. Kesi yenyewe ni ya Kitale, alituambia atatuandikia barua ya kuipeleka kule. Mpaka leo naandika haya haijaamuliwa, na mwenyekiti bado ana koti. Lakini siku hiyo tuliketi mbele ya meza, sisi wawili, na afisa akamtazama dada yangu tu. Alimwita mama, akamuuliza habari za kustaafu, akamsogezea kiti kizuri, mimi nikapewa cha plastiki. Dada yangu alianza kueleza. Alieleza kwa mpango, kila kitu mahali pake, rejista, wembe, mwanga, na mimi nikakaa pale nikimwonea wivu kila neno na nikitamani asikosee hata moja.

Afisa akashika kalamu akauliza ploti ni namba ngapi. Dada yangu alifungua daftari lake kutafuta.

Nikaitaja mimi, kabla hajaipata.